Tuwafundishe watoto majina ya mito yao

Mwanafunzi wa Kasese atakutajia bila shida kilele cha Margherita, chenye mita 5,109, na Ziwa Edward. Mwulize kijito kinachopita nyuma ya shule yake kinaitwaje. Mara nyingi atanyamaza.

Majina hayo makubwa yaliletwa na wageni. Stanley alilipa ziwa jina la mwana wa Malkia Victoria mwaka 1889. Mwaka 1906 mwanamfalme Mwitalia, Luigi wa Savoia, alikiita kilele hicho kwa jina la malkia wa kwao. Wakonzo tayari walikuwa na jina la milima hiyo, Rwenzururu, litokanalo na nzururu, yaani theluji.

Sisemi majina ya wageni yafutwe. Idi Amin alilipa ziwa hilo jina lake mwaka 1973; alipoangushwa mwaka 1979, jina likamfuata.

Hoja yangu ni usalama. Mei 2013 Mto Nyamwamba ulifurika na kuharibu Kilembe. Mei 2020 ukarudia. Onyo la mafuriko hutolewa kwa jina la mto. Litamfaa nini asiyejua kama kwao ni bonde la Nyamwamba, Nyamugasani au Lhubiriha? Hata maandishi yanachanganya: huyu anaandika Mubuku, yule Mobuku. Kyondo nazo ni mbili, moja hapa Kasese na nyingine ng'ambo ya mpaka, Kivu Kaskazini, kwa kuwa Wakonzo na Wanande ni ndugu. Msaada wa dharura unaweza kupotea njia kwa sababu ya neno moja.

Wapo watakaosema kuwa majina yatachochea ukabila, kwani Kasese ina Wakonzo, Wasongora, Wanyabindi na Watoro. Jibu ni rahisi: penye majina mawili, yaandikwe yote mawili.

Darasa la nne hujifunza habari za wilaya yao. Kila shule itenge muhula mmoja, watoto wafuatane na wazee kutaja vijito, vilima, chemchemi na vivuko, kisha wachore ramani. Nakala moja ibaki ukutani, nyingine ipelekwe ofisi ya gombolola.

Sisi tuliosomea uhamishoni tuliijua mito ya kwetu kwa midomo ya wazazi tu, maana vitabu vya huko havikuitaja. Wazee hao wanapungua kila mwaka. Walimu, tusingoje amri kutoka Kampala. Kalamu na karatasi tunazo.