Brashi Yangu na Geti la Mama Mkwe

Mwezi huu nina habari ya kitu kidogo sana kilichotaka kuniharibia ndoa: brashi ya kuchorea.

Wikiendi mimi huchora. Siuzi, natuliza akili tu. Mwezi uliopita tulikuwa kwa wakwe Mbaga, kwenye Milima ya Upare, wilayani Same. Asubuhi nikachora migomba na ukungu kwa rangi zangu za akriliki, kisha nikamsindikiza mama mkwe sokoni. Kurudi, namkuta shemeji yenu anapaka geti rangi ya mafuta, na kwenye kona nyembamba anamalizia na brashi yangu namba 1! Akaichomeka kichwa chini kwenye kopo la mafuta ya taa. “Si brashi tu, jamani?”

Nilinuna. Tukashuka Same, tukapita Makanya, Hedaru na Mombo, sijafungua mdomo. Korogwe, tuliposimama kula, ndipo nikajiuliza: hivi nimewahi kumweleza? Sijawahi. Basi nikamweleza, na leo nakueleza na wewe.

Kwanza, kununua. Namba ikipungua, brashi inakuwa nyembamba zaidi, lakini usikimbilie 0 na 00. Brashi ya mviringo namba 4 yenye ncha nzuri inachora mstari mwembamba na inabeba rangi nyingi zaidi. Brashi mpya nyingi zimegandishwa kwa gundi, kwa hiyo omba maji dukani, ilowanishe, kisha ikung'ute. Nywele zikikusanyika kuwa ncha moja, nunua. Zikitawanyika, zikinyonyoka, au bati linalozishika likicheza, iache. Zile za manyoya ya kolinsky, mnyama wa jamii ya kicheche anayepatikana Siberia, ni ghali na zinafaa rangi za maji. Kwa akriliki, nailoni inatosha kabisa.

Pili, kuosha. Ukichora, usizamishe brashi mpaka kwenye bati. Rangi ikikaukia humo ndani, nywele zinapanuka na ncha hairudi tena. Ukimaliza, futa kwanza kwa kitambaa, suuza kwenye kikombe cha kwanza, kisha cha pili chenye maji safi. Kwa wenzetu wa tambarare ya Same, ambako maji ni ya kuhesabu, hii inaokoa ndoo nzima. Halafu sugua taratibu kiganjani kwa sabuni ya mche mpaka povu litoke jeupe. Maji ya moto hapana, yanalegeza gundi. Chonga ncha kwa vidole na ulaze brashi ikauke. Ikishakauka ndipo uisimamishe, nywele juu.

Rangi ya mafuta nayo si adui. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alijenga jina kwa rangi za aina ile ya kupakia baiskeli. Ila maji hayaitoi. Futa, suuza kwa tapentaini au mafuta ya taa, madirisha wazi na mbali na moto, kisha malizia na sabuni. Na usiiache imesimama kichwa chini kwenye kopo, ncha itapinda. Yangu ilipinda, siku hizi nakorogea rangi tu.

Mama mkwe alipoisikia kesi yetu kwenye simu alicheka sana. “Mwanangu, mimi jembe langu silirudishi ndani na tope, na baba yenu anajua haligusi bila kuniuliza.” Kumbe na yeye alimwambia mzee mapema.

Sasa brashi zangu zina utepe mwekundu kwenye mpini, na shemeji yenu ana zake za geti. Jumamosi nilimkuta anaziosha mwenyewe, anafuta kwanza!

Na wewe, kuna kitu gani chako kidogo ambacho mwenzio hajui kama kinakuuma? Mwambie leo, usisubiri Korogwe. Tukutane mwezi ujao.