Kuku wa Kambini na Jivu la Taka

Tangu majeshi ya Rwanda na ya SADC yaingie Cabo Delgado mwezi Julai 2021, wakazi wa Palma na Mocímboa da Praia wamekuwa wakirejea makwao, na wengi wao hawana akiba ila kuku. Mayai humfikia askari kambini. Yanayobaki, mama huwalisha wanawe.

Hapa pana jambo ambalo sisi wenye kubeba silaha hatuna budi kuliangalia. Kuku hudonoa ardhini, na ardhi hutunza sumu. Plastiki na nyaya zikichomwa shimoni hutoa dioksini, ambayo hudumu miaka mingi katika udongo, huingia katika mafuta ya kuku, kisha katika kiini cha yai. Kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2019, mayai ya Agbogbloshie, mjini Accra, palipokuwa pakichomwa nyaya, yalikutwa na dioksini nyingi ajabu. Huko Limpopo, Afrika Kusini, DDT iliyopulizwa kutani kuua mbu ilikutwa katika kuku wa nyumbani. (Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 huiruhusu DDT dhidi ya mbu wa malaria, wala hatuupingi.)

Yai, basi, ndilo kipimo chetu. Makamanda washirikiane na maofisa mifugo wa wilaya, wachukue mayai ya kuku wanaodonoa karibu na mashimo ya taka, yapelekwe maabara, na vipimo virudiwe. Majibu yakingojewa, plastiki isichomwe tena kambini, na shimo lizungushiwe uzio usiopitisha kuku.