Mtoto wa Mwuza Makaa Naye Yumo Katika Katiba

Wapo wanaodhani kwamba mfumo wa vyama vingi, uliorudishwa Desemba 1991 kwa kufutwa kifungu cha 2A, ulimaliza kazi yake katika masanduku ya kura. Hatukubaliani nao. Haki isiyodaiwa hubaki karatasini, kama inavyoonekana Lodwar na Kakuma.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazikabidhi kaunti elimu ya chekechea na, katika ibara hiyo hiyo, vituo vya malezi ya watoto. Turkana, kama kaunti nyingi, imekazania zaidi chekechea. (Jimbo Katoliki la Lodwar lilikuwa likiendesha shule hizo tangu kabla kaunti hazijaanza kazi 2013.) Lakini chekechea humpokea mtoto wa miaka minne. Je, aliye na mwaka mmoja?

Huyo hubebwa mgongoni. Mama Mturkana apelekaye kuni na makaa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyofunguliwa 1992, hutembea juani mzigo ukiwa kichwani na mtoto mgongoni. Mwuza vikapu vya mkoma wa Lodwar naye hushinda sokoni hivyo hivyo. Akimwacha mtoto nyumbani, humwachia dada yake wa miaka minane. Na binti huyo ndiye ambaye Kifungu cha 53 kinamwahidi elimu ya msingi ya bure na ya lazima! Haki ya mmoja inavunjwa ili nyumba ipate chakula, wala hapatikani wa kushtakiwa.

Sheria ya Afya ya 2017 humwagiza mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Ni sheria njema kwa karani wa ofisini. Mwuza makaa hana mwajiri wa kumdai. Wa kudaiwa ni kaunti.

Hatudai majumba. Kivuli, maji safi, uji na walezi wanaolipwa, karibu na soko, tangu asubuhi hadi soko lifungwe. Kumbi za makanisa yetu ziko tupu siku nyingi za juma, na zingefaa kuanzia. Mishahara ya walezi, hata hivyo, isiachiwe sadaka.

Makadirio ya bajeti hutakiwa kufika katika bunge la kaunti kabla ya 30 Aprili, na wananchi wana haki ya kusikizwa kabla hayajapitishwa. Ndugu wasomaji, tuhudhurie vikao hivyo pamoja na akina mama wenyewe, watoto wakiwa mgongoni, tuulize: fungu la vituo vya malezi liko ukurasa gani?