Ngorongoro Haikuwa Nchi Tupu

Katika kazi ya kufasiri, neno lililonitaabisha kuliko yote ni lile la Waingereza, "wilderness": nchi ambayo haikuguswa na mkono wa mtu. Kiswahili kina pori, nyika, mwitu na msitu, na vyote hivyo vina njia zake, dawa zake, miiko yake na wenyewe. Nchi tupu hatuna. Kwa hiyo wanaotuambia kwamba Ngorongoro ni nchi tupu iliyovamiwa na wafugaji wanatuuzia tafsiri mbovu.

Yasikilizeni majina. Msafiri atokaye Karatu huyaacha mashamba ya Wairaqw, akapita lango la Lodoare, na papo hapo akamezwa na msitu wa milimani wenye ukungu. Mlima Oldeani unaitwa kwa neno la Kimaasai la mianzi. Chini katika kreta, Lerai ni jina la mgunga wa gome la manjano, na huko kuna kaburi la Wadatoga, waliotangulia kabla ya Wamaasai. Mahali penye majina na makaburi, patupu ni wapi?

Ahadi ni deni. Mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa na Serengeti, na Wamaasai walioondoshwa Serengeti wakaahidiwa kwamba hapa wangeishi pamoja na mifugo yao na wanyama. Katikati ya miaka ya 1970 wakatolewa ndani ya kreta. Kilimo kikakatazwa, kikaruhusiwa mwaka 1992, kikakatazwa tena mwaka 2009. Tangu Juni 2022 familia zinahamishiwa Msomera, Handeni, nasi tunaambiwa ni kwa hiari. Mwaka huohuo fedha za shule za Ngorongoro zilipelekwa Handeni. Hiari ya mtu aliyenyimwa shule ni hiari gani?

Watajibu kwamba watu walikuwa 8,000 hivi mwaka 1959 na sasa wamepita 100,000. Kwamba msitu ukiisha, zitakauka chemchemi zinywesheazo kahawa ya Karatu na vitunguu vya Mang'ola. Hoja hii ina uzito, wala siifanyii mzaha. Lakini mizani yao ina kitanga kimoja. Ng'ombe huhesabiwa, hoteli za ukingoni mwa kreta na magari yateremkayo kila asubuhi hayatiwi katika hesabu hiyo. Na juu ya ukingo huohuo wamelala Michael na Bernhard Grzimek, Wajerumani, chini ya mawe yaliyopangwa kwa heshima. Heshima hiyo siwanyimi. Nauliza tu: nchi iliyompa nafasi mgeni aliyekufa, yawezaje kumkosesha mwenyeji aliye hai?

Nasi wa visiwani tusijione tuko mbali. Jozani ni hifadhi ya taifa tangu 2004, na vijiji vinavyoizunguka vina fungu katika fedha za watalii. Kima punju hawakulindwa kwa kumfukuza jirani.

Basi, washairi wenzangu, acheni kuiimba Ngorongoro kama bustani ya Edeni kabla ya Adamu. Katika lugha yetu kuhifadhi ni kutunza, na pia ni kuweka moyoni, kama mwanafunzi wa chuo ahifadhivyo aya. Hifadhi iliyoisahau ahadi yake haijahifadhi kitu.