Mshirazi, Mwafrika, Mtu wa Paje: Majina ya Asili na Mjadala wa Siasa Unguja

Aghalabu watafiti wa lugha huyatumia majina kama Mhadimu, Mshirazi na Mwarabu katika madodoso yao kana kwamba ni vitu visivyobadilika. Historia ya Unguja haiungi mkono mazoea hayo.

Paje, pamoja na Bwejuu, Jambiani na Makunduchi, kimo katika eneo ambalo vitabu huliita la Wahadimu. Jina hilo lina asili ya Kiarabu yenye maana ya mtumishi. Hivyo, latoa habari za uhusiano na mtawala, si za nasaba. Sensa za kikoloni za 1924, 1931 na 1948 zaonyesha waliojiita Waswahili wakipungua mno, na wengi wakijitambulisha kwa majina mengine, likiwemo la Washirazi. Watu hawakuhama, lililohama ni jina. Mgao wa vyakula wakati wa Vita Kuu ya Pili, uliofuata makundi ya asili, ulilipa jina hilo uzito wa tumboni.

Kisha zikaja Zama za Siasa. Kuanzia uchaguzi wa 1957, magazeti kama Mwongozi na Afrika Kwetu, pamoja na majukwaa ya Hizbu na ya Afro-Shirazi, yalibishania nani mwenyeji na nani mgeni. Jonathon Glassman, katika War of Words, War of Stones (2011), ameonyesha kuwa wasomi wa Zanzibar wenyewe, si wakoloni peke yao, waliujenga mjadala huo. Machafuko ya Juni 1961 yaliua watu 68 kwa hesabu rasmi.

Kiisimu, badiliko kubwa lilikuwa katika swali. "Wa wapi?" hujibiwa kwa kihusishi: wa Paje, wa ukoo fulani, wa msikiti fulani, vyote kwa pamoja. "U nani?" la jukwaani lilidai nomino moja ya ngeli ya M-/WA-, nayo ikafukuza nyingine. Jina Afro-Shirazi lenyewe lilikuwa jaribio la kuunganisha nomino mbili zilizokwisha kutenganishwa.

Yawezekana kupinga kwamba dai la Ushirazi ni la kale, kama masimulizi ya Kilwa yanavyothibitisha. Ni kweli, lakini ukale wa dai si uthabiti wa kundi.

Hivyo basi, mtafiti wa Kikae anapaswa kuandika jina alilojiita msemaji, alijiita hivyo mbele ya nani, na kwa swali gani. Bila hivyo, dodoso lake litakuwa linaendeleza ubishi wa 1957 badala ya kuuchambua.