Pikipiki inasema nini?



Juma hili tunazungumza juu ya pikipiki. Wengi wetu hatuendeshi, lakini tumenunua moja, tumempa kijana, na pesa anayoleta jioni ndiyo minervali ya watoto.

Mwezi uliopita mama mmoja wa kundi letu alipoteza moteri nzima. Motari wake alikuwa anatoka Beni. Akasikia "ko, ko, ko", akajiambia atafika tu Butembo. Njia ile ina kilometa zaidi ya 50, na milima. Alikwama karibu na Maboya, giza linaingia, na sisi sote tunajua hofu ya kulala njiani huku kwetu.

Basi tujifunze kusikiliza.

Kwanza, jua sauti inatoka wapi. Iache pikipiki iwake ikiwa imesimama. Kama sauti inaongezeka ukitia gazi, ni ya moteri. Kama haisikiki, zima, toa vitesi, uisukume. Ikilia hapo, tazama shene, ruluma za magurudumu na freni. Usikubali moteri ifunguliwe bure.

"Tiki-tiki" nyepesi huko juu ya moteri: mara nyingi ni supapu zinazotaka kupimwa upya. Ni kazi ndogo. Pima mafuta ya moteri, kisha nenda polepole kwa fundi, usingoje juma lingine.

"Kiling-kiling" ikipanda mlima na mzigo: labda esansi ni mbaya, ama mzigo umepita kiasi, ama moteri imepata joto sana. Punguza mzigo, pumzisha, na ukumbuke esansi ulinunua wapi.

"Ko, ko" nzito kutoka chini: inaweza kuwa biela. Zima palepale. Usiseme "nifike tu". Kuikokota ni bei rahisi kuliko moteri mpya.

Mafuta ya moteri ndiyo dawa ya kwanza. Pikipiki hizi ndogo hubeba karibu litre 1 tu, kwa hiyo kidogo kikipungua ni kingi. Pima asubuhi moteri ikiwa baridi, pikipiki ikiwa wima mahali pa sawa. Ile ya mwenzetu, fundi alipofungua, mafuta yalikuwa karibu kwisha.

Tulitaka kumlaumu kijana. Lakini tulipokaa pamoja, tulikubali kosa letu pia: kila jioni tulimuuliza pesa, hatukumuuliza sauti hata siku moja. Naye aliogopa kusimama, kwa sababu pesa ya siku ingepungua.

Sasa tumeelewana hivi: siku motari anasimama kwa ajili ya sauti mbaya, hatumdai pesa ya siku hiyo. Na jioni, kabla ya kuhesabu, mwambie aiwashe mbele yako, usikie kwa masikio yako mwenyewe.