Viini 16 vya Kufanyia Nini?

Mpwa wangu alinivuta Kariakoo nimsaidie kuchagua prosesa. Yeye ni mtu wa gemu. Mimi mjomba wake nahariri video za harusi na sendofu hadi usiku wa manane. Muuzaji, bila kuuliza lolote, akatusukumia Ryzen 9 7950X yenye viini 16. Kwake kubwa ndiyo bora. Nikakataa.

Gemu nyingi hazijui kuvitumia viini vyote hivyo. Zinataka data ikae karibu na viini, kwenye kashe, yaani kumbukumbu ya ndani ya prosesa. Ndiyo maana Ryzen 7 7800X3D ya mwaka 2023, yenye viini 8 tu, huishinda ile ya viini 16 kwenye gemu nyingi: ina megabaiti 96 za kashe ya ngazi ya tatu, mwenzake 64. Tena imekadiriwa wati 120, si 170, na LUKU haina huruma.

Mimi nina shida tofauti. Ninapotoa video ya saa tatu ya ukumbini, viini vyote 16 hutoka jasho, nami navilipia bila kunung'unika.

Kijana akachukua ya viini 8, chenji ikaongezea kadi ya picha. Muuzaji asipokuuliza kazi yako, hama duka.